Nani Kataka Pazia Lifunguliwe

Mtu akikujia kwa upole akakuuliza unataka nini, shika mfuko wako kwanza. Hilo sikufundishwa shuleni. Nilikuwa afisa forodha hapa mpakani, upande wetu wa Yordani, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi mpaka weusi ukaisha wote, na nimefungua masanduku ya watu wa Sham, ng'ambo ya pili, na ya watu wetu wenyewe hadi vidole vikaota sugu. Mwenye magendo haji amenuna. Anakuja anacheka, anakuuliza hali ya watoto, anakufungulia boksi la halua uonje. Yule aliyenuna mara nyingi hana kitu. Amechoshwa na foleni tu.

Kwa hiyo siku ile msichana mmoja, Banan, alipoingia wodini na kishikwambi chake na tabasamu lake, akaanza kupita kiti hadi kiti akiwauliza wagonjwa wangependelea wahudumiwe vipi, mimi nilijiambia: Abu Ghaith, sanduku hili lina sakafu ya pili.

Mke wangu Watfa figo zimemfa. Mara tatu kwa juma anakaa kwenye kiti cha hospitali ya serikali, anachomwa sindano mbili nene mkononi, mashine inavuta damu yake, inaisafisha, inamrudishia. Kazi hiyo inakula asubuhi nzima. Asipokwenda, maji yanamjaa mwilini, na baada ya maji ni kaburi. Daktari wetu, Muayyad, alinieleza hivyo hivyo bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sikumwacha peke yake hata mara moja. Kwetu mgonjwa haachwi. Mgonjwa akionekana hana wa kumsindikiza, watu huulizana, kwani huyu hana watu? Ukumbi wa mashine umegawanywa, wanaume huku, wanawake kule, na wanawake wengi wanakuja na binti zao. Sisi Mungu hakutujaalia binti. Tuna Ghaith peke yake, naye yuko Kuwait anawajengea wenyewe majumba yao. Basi nikafanya kama tunavyofanya sote huku: nikamtafuta mtu anayemjua mtu, nikapewa ruhusa ya kukaa na mke wangu upande wa wanawake, kwa sharti kwamba pazia la kiti chake lifungwe muda wote, ili wanawake wengine wabaki na sitara zao. Ruhusa ile niliionea fahari kuliko cheti changu cha kustaafu. Wanaume wenzangu msikitini walikuwa wakinitaja. Mwenzenu huyo, wakisema, mke kaugua na yeye kauguza.

Nilikuwa na kazi zangu mle ndani ya pazia. Nilimtazama muuguzi, Sista Ikhlas, mikono yake na sindano zake. Nilitazama namba za mashine, ingawa sizielewi. Hata mizani ya forodha sikuwahi kuielewa, lakini nikiitazama kwa ukali watu walikuwa hawaibi. Nilimsomea Watfa gazeti. Nilimsimulia habari za mpakani. Daktari akipita akauliza Hajjati anaendeleaje, nilijibu.

Baridi ilipoanza, asubuhi moja nimeshawasha gari, Watfa akaniambia kutoka jikoni, "Abu Ghaith, leo siendi."

"Huendi wapi?"

"Huko. Nimeshiba."

Nilidhani anatania. Hakwenda. Nilibembeleza, nikagomba, nikampigia Ghaith simu amlilie mama yake, wapi. Kabla ya siku ya pili kwisha miguu ilikuwa imevimba kama mito, hawezi kulala chali, anavuta pumzi kwa shida. Nikambeba mpaka garini yeye na shuka lake. Daktari Muayyad alipomaliza kumhudumia alinivuta pembeni akasema, "Safari hii tumewahi. Akizoea kuruka siku za mashine, ami, tutamkosa." Nikamuuliza Watfa kwa nini, akasema kachoka. Nikamuuliza kachoka na nini, akasema alhamdulillahi. Hilo ndilo jibu letu huku hata mtu akiwa anazama.

Niliogopa. Wenye umri wangu hawapendi kulitamka neno hilo, mimi nalitamka. Niliogopa kuliko siku waliponielekezea bunduki kwenye kizuizi.

Na ni juma lile lile ndipo Banan akatokea. Unaona mwenyewe jinsi mambo yalivyopangana.

"Salaam alaikum, Hajjati," alisema, kichwa kikichungulia pembeni mwa pazia. "Naitwa Banan. Tangu umeanza kuja hapa, mambo yamekuwaje kwako?"

"Yuko salama, alhamdulillahi," nikasema.

"Nashukuru, ami. Na sindano, Hajjati, zinakuuma?"

"Haziumi. Mke wangu si mtoto."

"Na kitu gani ungependa kibadilike?"

"Hakuna. Daktari Mungu amweke, wauguzi Mungu awaweke, na wewe Mungu akuweke, nenda kiti cha pili."

Watfa alikuwa ametazama mbele, kwenye kile kitambaa cha kijani cha pazia, chenye doa la dawa karibu na pindo. Banan akabonyeza-bonyeza kishikwambi chake.

"Hayo unayoandika yanakwenda kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa wodi yenyewe, ami. Tunataka huduma iwafae wanaoitumia. Na sichukui majina."

"Asiyechukua jina, binti yangu, kishachukua kitu kingine."

Akacheka. Nilikwambia wanacheka.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Nilishuka kuswali, na nakiri swala yenyewe niliiswali mbio mbio. Niliporudi, nyuma ya pazia kulikuwa na minong'ono. Nikakohoa, minong'ono ikakatika. Banan akatoka ameinamisha macho. Watfa mashavu yalikuwa yameloa, lakini mdomo ulikuwa unataka kucheka, na mimi uso ule nilikuwa sijauona siku nyingi.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Ya wanawake."

Garini nikaanza upya, taratibu, kama ninavyomwanza mtu mwenye sanduku zito.

"Kakuuliza nini yule?"

"Kaniuliza napendelea nini."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia."

"Ukamwambia nini?"

"Tazama mbele, Abu Ghaith, utagonga kondoo wa watu."

Usiku ule wote nilizipanga hesabu zangu, nazo zilikubaliana vizuri mno. Mlinzi wa getini alikuwa ameshaniambia kwamba wanaongoja mashine ni wengi kuliko mashine zenyewe. Wengine wanasafirishwa hadi mji wa Irbid alfajiri na kurudishwa jioni. Sasa wewe ukiwa mkubwa wa hospitali na viti havikutoshi, utafanya nini? Kununua mashine mpya ni ghali. Kumfukuza mgonjwa ni aibu. Lakini ukimtuma msichana mpole, aketi na bibi mmoja aliyechoka, amuulize, Hajjati, wewe mwenyewe unapendelea nini? Uamuzi ni wako, Hajjati. Naye bibi aseme napendelea kupumzika nyumbani kwangu. Basi! Kiti kimebaki wazi, na hakuna aliyemfukuza mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nguo yenyewe ni koti jeupe.

Nilianza kumchunguza. Siku moja isiyo ya mashine nilikaa garini mkabala na geti nione anaondoka na gari la nani. Aliondoka kwa miguu, akasimama kwa muuza falafel, akala mkate wake amesimama, akapanda basi. Mtu mwingine angesema, maskini, msichana wa watu. Mimi nilisema, ala, kumbe hana kitu. Na asiye na kitu ndiye anayenunulika kwa bei ndogo. Siku nyingine nikamzuia ukumbini.

"Sema kweli. Mke wangu kakwambia anataka kuacha?"

"Ami, alichoniambia ni amana."

"Mimi ni mumewe."

"Najua, ami. Kwa hiyo muulize yeye."

"Nimeuliza!"

"Ukangoja akujibu?"

Ulimi alikuwa nao, yule. Nikamwambia mimi nimewafungulia masanduku watu wazito kuliko yeye, akasema hana shaka, akaniomba nimpishe apite.

Watfa naye akarudia wimbo wake. Safari hii alikaa ukingoni mwa kitanda amevaa kila kitu, mpaka shela, ila viatu. Nilipiga magoti nimvishe. Sijawahi kumvisha mtu viatu maishani.

"Watfa, unataka kuniacha?"

Akanishika kichwani, kwenye kofia.

"Nitakwenda mpaka siku ya mkutano," alisema. "Baada ya mkutano nitaona."

Mkutano wenyewe ulikuwa wa yule yule Banan. Wagonjwa wote na watu wao waliitwa chumba cha chakula cha hospitali, wakae na madaktari na wauguzi, waambiwe yaliyosemwa na yatakayofanywa. Nilikwenda nimevaa koti langu la sherehe na nimejaa kifuani. Niliazimia kwamba wakifika mahali pa "mgonjwa ana haki ya kuchagua kupumzika", nitasimama niupindue mkutano.

Kulikuwa na chai ya majani ya maramia na biskuti. Halua ya kuonja, nilijiambia. Nilikaa safu ya mbele, Watfa pembeni yangu, na nyuma yetu alikaa Hajjati Fidda, bibi wa kiti cha pili kutoka kwetu, ambaye sauti yake ingetosha kuita swala bila kipaza.

Daktari Muayyad alianza kwa kumsifu Banan. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Sisi tulikuwa tunapima damu, shinikizo na uzito. Hakuna aliyepima mtu anavyojisikia akiwa amekaa pale. Tukiwauliza wenyewe mnatujibu alhamdulillahi. Banan amekaa nanyi mmoja mmoja, na yale mliyomwambia tunayasoma hapa bila majina."

Akasoma. Kuna aliyesema ukumbi una baridi na damu ikirudi mwilini inarudi kama maji ya barafu. Hapo Sista Ikhlas akasema blanketi zimeshaagizwa, na atakayependa aje na lake. Watu wakaitikia. Kuna aliyesema yule muuguzi kijana, mpya, aambiwe asijifunzie sindano mkononi mwake.

"Huyo ni mimi!" Hajjati Fidda alipaza sauti. "Andikeni na jina, siogopi mtu! Kijana mzuri, macho mazuri, lakini ananitafuta mshipa kama anachimba kisima!"

Chumba kizima kikacheka, na kijana mwenyewe akacheka akiwa mwekundu. Sista Ikhlas akasema kuanzia sasa kila mgonjwa atamtaja anayemtaka amchome, na yule kijana atafunzwa kwa wale watakaomkubali.

Mimi sikucheka. Mwenye magendo huanza na nguo zilizokunjwa vizuri juu juu.

"Na kuna aliyesema," Daktari Muayyad akaendelea, "naomba pazia langu lifunguliwe."

Sikulitarajia hilo. Lakini nilikuwa nimejaa, na mtu aliyejaa hachagui pa kumwagikia. Nilisimama.

"Nani huyo?"

"Ami, tumesema hatutaji majina."

"Sitaki jina, nataka kujua tunakwenda wapi! Pazia ni sitara. Leo mnafungua pazia, kesho mtafungua nini? Mwanamke gani wa mji huu, mtu mzima, mgonjwa, anayetaka kukaa wazi kama nyanya za sokoni? Tuseme kweli, jamani. Huyo hana mume? Mume wake yuko wapi?"

Banan alikuwa ameinama anatazama viatu vyake. Sista Ikhlas alikuwa anatazama dari.

"Mume wake amesimama," akasema Watfa. "Kaa, Jadaan."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu mbele za watu tangu tuoane. Mbele za watu mimi ni Abu Ghaith. Nilikaa, si kwa kutii. Miguu ilikaa yenyewe.

"Mimi ndiye niliyesema," Watfa akaendelea. Hakusimama. Mikono ilikuwa mapajani, ule wenye makovu ya sindano juu ya mwenzake. "Lile pazia si la sitara yangu. Mimi nimevaa, nimejifunika, na wanawake wenzangu hawana cha kunionea. Lile pazia linafungwa kwa ajili yako. Kuna mwanamume, basi Sista anafunga, na ana haki. Na kila siku kuna mwanamume. Wewe unasoma gazeti. Mimi natazama kitambaa. Nimelijua lile doa la dawa kuliko ninavyoujua uso wa mwanangu."

"Nakusimulia habari," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Unanisimulia, na Mungu akulipe. Za yule mwenye redio ndani ya boga nimezisikia tangu Ghaith hajazaliwa. Nyuma ya pazia kule wanacheka, Abu Ghaith. Wanaozesha watoto wao, wanasengenya, wanafundishana kupika maqluba isiyo na chumvi. Mimi nasikia vicheko, sijui nani anacheka. Daktari akija kuniuliza kama naumwa, unamwambia siumwi."

"Wallahi sisi tulidhani ni bubu!" Hajjati Fidda akasema kwa nyuma. "Umm Rakan, jirani yangu wa kiti, aliniambia, masikini yule wa kiti cha mwisho, Mungu kamnyima figo na ulimi. Mimi nikamwambia hapana, atakuwa ana ulimi, mumewe kaukodi!"

Wakacheka tena. Watfa mwenyewe alicheka, akajifuta macho kwa pembe ya shela. Nililiona lile lile nililoliona siku ya minong'ono, na moyo uliniuma, maana nilifahamu sasa machozi yalikuwa ya nini na kicheko kilikuwa cha nini.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikamuuliza. Nilisahau kwamba watu wanasikiliza.

"Ningekuambiaje? Mji mzima unakusifu. Wanawake wananiambia, una bahati, wa kwangu hata panadol haniletei. Nikisema wema wa mume wangu unaniziba pumzi, watasema sumu ya figo imempanda kichwani. Yule binti aliniuliza, kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikaona haya mimi, nikasema. Wewe ukiuliza, unajibu mwenyewe."

"Na ulitaka kuacha kwa ajili hiyo? Ufe kwa ajili ya pazia?"

"Nilijiambia, kama dunia yangu imebaki hii asubuhi nzima, kitambaa na gazeti, basi mimi nimeshaiaga, wanasumbuka bure na mashine yao. Huo ndio ukweli. Sasa niache ninywe chai yangu."

Nilikasirika. Wapo watakaotaka niseme niliona haya papo hapo. Hapana, nilikasirika kwanza. Nilimkasirikia Banan, nikamkasirikia Fidda, nikaikasirikia chai. Tuliporudi nyumbani sikusema neno njia nzima, na katikati ya njia nikang'amua kwamba Watfa anatazama nje dirishani kwa raha zake, anahesabu maduka mapya, na kwamba huenda hiyo ndiyo mara yake ya kwanza baada ya siku nyingi kusafiri kwenye gari hili akiwa ameachiwa kimya. Haya ilinikuta hapo, karibu na kiwanda cha mafuta ya zeituni. Nikaongeza mwendo.

Asubuhi iliyofuata ya mashine, Watfa alivaa viatu mwenyewe. Alikuwa mlangoni kabla sijapata funguo.

Nilimfikisha mpaka mlango wa ukumbi. Sista Ikhlas akampokea, nami nikaanza, "Ule mkono wake, Sista, usimchome karibu na—"

"Abu Ghaith," akasema Watfa.

"Haya."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Haya, nimesema haya!"

Wakaingia. Niliona pazia la kijani likivutwa, likakusanywa lote ukutani, na kiti cha mke wangu kikabaki wazi. Niliona Hajjati Fidda akiinua mkono wake usio na mipira ya mashine, anampungia. Mlango ukajirudishia nusu.

Nje ya ukumbi kuna benchi la mbao lisilo na mgongo. Nilikaa hapo na gazeti langu. Sikuwa na wa kumsomea. Mgongo ukaniuma. Nilitazama saa mpaka ikanichukia. Kila aliyepita aliniuliza, mbona uko nje leo, Hajjati hajambo? Nikawa najibu alhamdulillahi.

Banan akaja akaketi upande wa pili wa benchi na kishikwambi chake magotini.

"Za asubuhi, ami. Mambo yamekuwaje?"

"Hajambo. Kaingia mwenyewe, rangi nzuri, na—"

"Sijamuuliza Hajjati. Nimekuuliza wewe."

Nilimtazama nione anachotaka kunipitishia. Alinyamaza vile vile alivyosema Watfa, na kimya kile ni kibaya, kinakuvuta kama shimo.

"Benchi hili halina mgongo," nikasema.

Akaandika.

"Na hapa nje hapana chai."

Akaandika. Kisha akangoja tena.

"Na naogopa," nikasema. "Nikiwa ndani namtazama, najua anapumua. Hapa nje sijui kitu. Usiandike hilo."

Hakuandika. Alikaa kidogo, akaenda zake kwa wagonjwa wa upande wa wanaume. Bado simwamini sana, nawaambia kweli. Lakini baadaye alipita mtu na kikombe cha chai, akakiweka karibu yangu bila neno.

Nilikuwa na kikombe mdomoni niliposikia sauti ya Watfa. Ilitoka katika ule mlango uliofunguka nusu, na ilikuwa juu, sauti ya mtu anayesikilizwa.

"...basi Abu Ghaith wangu akaona lihafu la bi harusi, lile la kujifunika kitandani, ni zito, akasema humu mna magendo! Mama mtu analia, bwana harusi anaapa, yeye kachukua kisu, kalipasua! Sufi tupu! Sufi imejaa forodha nzima, mpaka masharubu ya mkubwa wao yamekuwa meupe! Wakamkalisha chini alishone, na mama wa bi harusi kasimama juu yake, akikosea mshono anafumua. Alishona mpaka jua likazama, analia!"

Wanawake walikuwa hoi. Fidda alikuwa anaomba aache, mashine yake itazima.

Kisa hicho ni changu mimi. Na si hivyo. Haikuwa mpaka jua kuzama, nilimaliza kabla ya alasiri, na masharubu ya mkubwa wangu hayakuguswa na sufi hata kidogo. Na sikulia. Niliweka kikombe chini, nikainuka, nikaufikia mlango, mkono ukawa kwenye kitasa na neno limeshanifika mdomoni.

Kupitia ule mwanya nilimwona. Alikuwa ameegemea kiti, mkono mmoja umefungwa kwa mashine, wa pili uko hewani anaonyesha jinsi nilivyokuwa nikishona.

Nikauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga, nikarudi benchini, nikamalizia chai yangu.